Nani Aliyerusha Jiwe?

Mwanamke mmoja wa Kibirizi, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa mchangani, aliwaendea asubuhi moja vijana waliokuwa wamekaa kando ya maboti, naye mkononi ameshika shati la mwanawe lililolowa damu. Usiku uliotangulia mwana huyo alikuwa katika banda la kuonyeshea mpira, ambamo watu walibanana kutazama mchezo wa Simba na Yanga. Mchezo ulipokwisha watu wakatoka nje, wengine wakiimba, wengine wamenuna. Mzaha ukageuka matusi, matusi yakageuka mawe, na jiwe moja likampasua kijana huyo juu kidogo ya jicho. Mama yule hakupiga kelele, wala hakumlaani mtu. Aliuliza neno moja tu: "Wanangu, nani aliyerusha jiwe?" Vijana wakatazamana. Mwishowe mmoja wao akamjibu, tena kwa adabu: "Mama, tulikuwa wengi."

Jibu hilo limetukaa moyoni. Hatutasema kijana aliyeumizwa alikuwa shabiki wa timu gani, wala waliorusha mawe walikuwa wa timu gani, kwa kuwa twajua kwamba hilo ndilo jambo ambalo wasomaji wengi wangependa kuliuliza kwanza. Mtu ambaye, kabla hajasikitikia jicho la mtoto wa mwenziwe, ataka kujua kwanza kama mtoto huyo ni wa upande wake, huyo amekwisha kuguswa na ugonjwa tunaotaka kuuzungumza leo.

Swali letu ni hili. Mtu akitenda jambo baya katikati ya kundi, ubaya ule ni wa nani? Je, wagawanyika kama fungu la dagaa sokoni, kila mmoja akachukua konzi yake ndogo akaenda zake, hata mwisho hapana mwenye mzigo? Au kila mmoja arudi nyumbani na mzigo mzima?

Kwanza yatupasa kusema wazi kwamba hatuupigi vita mpira wa miguu, wala hatuwalaumu watu kwa kupenda timu zao. Binadamu hakuumbwa akae peke yake. Apenda kuwa wa mahali fulani, apenda kuimba pamoja na wenziwe, apenda kufurahi furaha ambayo hawezi kuimaliza mwenyewe. Hayo ni mema. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, nayo kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971 ilikuwa ikiitwa Sunderland. Hivyo pana familia ambazo babu, baba na mjukuu wote wameshangilia rangi ile ile, na mapenzi yaliyorithiwa namna hiyo si kitu cha kudharau.

Nasi wa pwani ya Tanganyika hatuna sababu ya kujifanya wageni wa jambo hili. Kigoma, mwisho wa reli, imewatoa wachezaji wa sifa. Juma Kaseja, mzaliwa wa huku, alilinda lango la Simba, akalinda na lango la Yanga pia, wala mikono yake haikubadilika kwa kubadili fulana. Tarehe 25 Julai 2021 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, na Simba wakawashinda Yanga kwa bao moja kwa bila. Watu walifika kwa treni, kwa mabasi na kwa maboti, na mji ukajaa kijani, njano na nyekundu. Tangu mwaka 2023 twayo pia timu yetu ya Mashujaa katika Ligi Kuu, na siku wacheezapo nyumbani hata mzee asiyejua kanuni za mchezo huuliza matokeo. Nani atasema kwamba furaha hiyo ni dhambi?

Lakini yapo mambo mengine yaliyoonekana, ambayo si halali kuyanyamazia. Tarehe 1 Oktoba 2016, katika Uwanja wa Taifa Dar es Salaam, watazamaji walikasirishwa na bao ambalo waliona halikuwa la haki, wakang'oa na kuvunja viti vya uwanja zaidi ya 1,000. Viti vile havikuwa vya mwamuzi, wala vya wapinzani; vilikuwa mali ya wananchi wote, pamoja na hao hao waliovivunja. Serikali ikazizuia timu zote mbili kuutumia uwanja huo. Tarehe 15 Desemba 2024, katika uwanja ule ule, ambao sasa waitwa wa Benjamin Mkapa, ghasia zilizuka mwishoni mwa mchezo wa Simba na CS Sfaxien ya Tunisia, na viti 256 vikavunjwa. Simba ikaadhibiwa kucheza mchezo wake uliofuata wa nyumbani, Januari 2025, bila mashabiki. Basi maelfu ya watu ambao hawakugusa hata kiti kimoja walikaa nje kwa sababu ya wachache ambao wengi wao majina yao hayakujulikana kamwe.

Vilevile twawajua wale vijana ambao katika soka ya nchi yetu huitwa makomandoo. Hao si wachezaji, wala si askari. Kazi yao ni kukesha uwanjani siku ya kuamkia mchezo, kulinda milango, kuwazuia wageni na kuwatisha, mara nyingi kwa hofu ya uchawi ambao kila upande wadhani wenzao wameuandaa. Mwezi Machi 2025 tuliona matunda ya desturi hiyo. Simba walieleza kwamba walipokwenda kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, walizuiwa na walinzi wa upande wa wenzao. Wakakataa kucheza, na mchezo wa tarehe 8 Machi ukaahirishwa. Ulikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mabao mawili kwa bila. Wako waliokwisha kusafiri toka mikoani kwa nauli ya kukopa, wakarudi bila kuona hata mpira ukiguswa.

Tena ng'ambo ya ziwa letu, katika Kongo, ndugu zetu wamelipa kwa bei kubwa zaidi ya viti na nauli. Tarehe 11 Mei 2014, mjini Kinshasa, Vita Club walikuwa wakicheza na TP Mazembe ya Lubumbashi. Mashabiki wa Vita walipoona wanashindwa walianza kurusha mawe na vitu vingine. Polisi wakatupa mabomu ya machozi. Watu wakakimbilia milangoni, na wapatao 15 wakafa kwa kukanyagwa. Nani aliyewaua? Mwulize aliyerusha jiwe, atakuambia kwamba yeye alirusha jiwe tu. Mwulize aliyekimbia, atakuambia kwamba yeye alikimbia tu. Kila mmoja alifanya kidogo, lakini wafu hawakufa kidogo.

Wapo wasomaji wasemao kwamba hayo ni mambo ya Afrika, ya watu wasiosoma, na kwamba Ulaya hayako. Wanajidanganya. Na kwa kuwa sisi tu gazeti la Wakatoliki, tutawaletea mfano ambao ni wa aibu kwetu kuliko kwa wengine, nao ni wa Uskoti.

Mwaka 1875, mjini Edinburgh, katika parokia ya Mtakatifu Patriki, padre mmoja aitwaye Edward Hannan pamoja na vijana wa Kiairishi waliokuwa maskini walianzisha timu iliyoitwa Hibernian. Padre huyo alitaka vijana wake wawe na mchezo ulio safi, wakae mbali na ulevi, na fedha zikipatikana zisaidie wahitaji. Miaka 12 baadaye, mwaka 1887, mjini Glasgow, Bruda Walfrid wa shirika la Marist aliufuata mfano huo akaanzisha Celtic, ili fedha za viingilio ziwape chakula watoto wa maskini wa upande wa mashariki wa mji ule. Mchezo wa kwanza kabisa wa Celtic ulichezwa tarehe 28 Mei 1888, na wapinzani wao walikuwa Rangers. Ndiyo, Rangers hao hao. Celtic wakashinda kwa mabao matano kwa mawili, na yasimuliwa kwamba baada ya mchezo wachezaji wa pande zote mbili walikwenda kula chakula cha jioni pamoja katika ukumbi wa kanisa.

Je, mbegu hizo njema zilizaa nini? Katika fainali ya Kombe la Uskoti ya tarehe 10 Mei 1980, Celtic walipowashinda Rangers, mashabiki wa pande zote mbili waliingia uwanjani wakapigana kwa mawe na chupa mbele ya macho ya taifa zima, na mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kukataza pombe viwanjani. Kisha katika miaka iliyofuata likazuka jambo jipya. Vijana wa timu mbalimbali, wa Aberdeen wakitangulia, walijiunga katika vikundi walivyoviita kwa neno lenye maana ya kampuni ya biashara. Waliacha kuvaa skafu na rangi za timu. Badala yake walivaa nguo za kawaida za michezo, lakini za bei kali, kama zile za Lacoste na Fila, ili polisi wasiwatambue na ili watambuane wao kwa wao. Walikwepa treni zilizowekwa kwa ajili ya mashabiki, wakapanda zile za abiria wengine. Waliagana mahali pa kupigana kama watu wengine wanavyoagana mahali pa kula. Na mojawapo ya vikundi vilivyoogopwa sana katika nchi ile, kilichojiita Capital City Service, kilikuwa cha vijana wa Hibernian, timu ya Padre Hannan.

Hatusemi haya ili kuwacheka Waskoti. Wengi wao wamefanya kazi kubwa ya kuirudisha amani, hasa baada ya mwaka 1995, wakati kijana wa miaka 16 alipouawa mjini Glasgow akirudi nyumbani kutoka kutazama Celtic, wala hakuwa amemkosea mtu. Twayasema ili kila mwenye kuanzisha jambo jema, awe padre, awe mwalimu, awe kiongozi wa tawi la mashabiki, ajue kwamba wema wa mwanzo haumlindi mtu na ubaya wa mwisho. Mbegu njema nayo yataka palizi kila mwaka.

Katika habari hiyo ya Waskoti jambo moja lafaa kuangaliwa sana, nalo ni lile la mavazi. Shabiki wa kweli huvaa rangi ya timu yake ili aonekane. Vijana wale walizivua rangi hizo ili waende kupigana. Basi, kama ni kwa ajili ya timu walipigana, mbona waliificha timu? Twaona hapo kwamba mapenzi ya timu yalikuwa yamekwisha kufa zamani, na kilichobaki ni tamaa ya kupigana iliyotafuta mahali pa kujificha. Wengine hujificha ndani ya nguo za bei, wengine ndani ya cheo cha ukomandoo, na wengine, kama vijana wetu wa Kibirizi, hujificha ndani ya giza na neno "sisi."

Sasa turudi kwenye lile jibu, "tulikuwa wengi," tulipime vema, maana si vijana wa mpira tu walitumiao. Hulitumia kijiji kizima kinapomwua kikongwe kwa kumshuku uchawi. Hulitumia watu wa sokoni wanapompiga mwizi hata akafa. Hulitumia hata watu wazima wenye heshima katika vikao vinavyomdhulumu mjane.

Mtakatifu Agostino, aliyekuwa Mwafrika wa kaskazini, aliandika katika kitabu chake cha Maungamo kwamba alipokuwa na umri wa miaka 16 yeye na wenziwe waliiba usiku mapea ya jirani, wala si kwa njaa, maana mengi waliwatupia nguruwe. Alipokuwa mtu mzima alijichunguza sana kwa nini alitenda upuuzi ule, akaona kwamba kama angalikuwa peke yake asingalitenda kamwe. Alipenda ule ushirika wa kutenda. Katika kitabu hicho hicho amesimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyevutwa na wenziwe kwenda kutazama watu wakiuana katika michezo ya Roma. Alipio alifumba macho asione. Ghafla umati ukapiga ukelele mmoja mkubwa, naye kwa udadisi akafumbua macho. Na tangu dakika ile hakuwa tena yule aliyekuja, bali akawa mmoja wa umati, akapiga kelele pamoja nao, akatamani kurudi siku nyingine.

Watu hao wawili hawakuwa wajinga. Mmoja alikuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa, na mwingine askofu. Kwa hiyo hatusemi kwamba nguvu ya kundi ni jambo dogo. Ni kubwa, nayo yaweza kumchukua mtu mwema kama mkondo umchukuavyo mwogeleaji. Lakini angalieni jambo hili: Agostino hakusema, "Tulikuwa wengi, basi si mimi." Alisema kwamba walikuwa wengi, na kwamba ni yeye. Alijua sababu ya kosa lake, wala hakuifanya sababu hiyo kuwa udhuru wake.

Wenye kujitetea husema maneno matatu. La kwanza husema, "Mwamuzi alituonea, hasira ikatushika." Twakubali kwamba waamuzi huweza kukosa, na wengine huweza hata kuhongwa. Lakini kijana aliyepasuliwa juu ya jicho hakuwa mwamuzi, na kiti kilichong'olewa hakikupuliza filimbi. Hasira ya haki humtafuta mkosaji. Hasira ya kundi humpiga aliye karibu.

La pili husema, "Wao ndio walioanza." Neno hili watoto wawili hulisema mbele ya mama yao, na mama mwenye busara huwachapa wote wawili. Aliyeanza ana lake la kujibu. Aliyefuata ana la kwake.

La tatu ndilo gumu, nalo ni lile la kugawanya: "Mimi nilifanya kidogo tu." Hapo ndipo tuliposema habari za fungu la dagaa. Fungu likigawanywa kwa watu kumi, kila mtu hupata sehemu ndogo, wala fungu zima halionekani tena. Lakini hatia haifanani na dagaa. Hatia yafanana na moto. Jirani akija alfajiri kuomba kaa la kuwashia jiko lake, nawe ukampa, jiko lako halipoi. Wakija majirani kumi ukawapa makaa kumi, moto haukugawanyika. Sasa pana majiko kumi na moja yanayowaka. Ndivyo ilivyo kwa ubaya utendwao na wengi. Haupungui kwa kushirikiwa, bali huwashwa upya katika kila moyo ulioukubali. Wahenga walisema kwamba kifo cha wengi ni arusi, kwa maana huzuni ikishirikiwa hupungua makali. Hayo ni kweli kwa msiba. Kwa kosa si kweli.

Hata hivyo si wote walio sawa. Katekisimu yatufundisha kwamba mtu huweza kushiriki dhambi ya mwenziwe kwa njia nyingi: kwa kuamuru, kwa kushauri, kwa kusifu, kwa kuficha, hata kwa kunyamaza pale alipopaswa kusema. Basi usiku ule wa Kibirizi alikuwapo aliyerusha jiwe, alikuwapo aliyemwokotea, alikuwapo aliyeshangilia lilipopiga, na walikuwapo waliosimama wakatazama, kisha asubuhi wakatazamana tena mama alipouliza. Mzigo wa kila mmoja una uzito wake. Lakini hapana hata mmoja aliyekwenda nyumbani mikono mitupu.

Je, tufanye nini? Wengine wataka askari zaidi na faini kubwa zaidi. Hayo yafaa mahali pake, kwani sheria isiyotumika ni kicheko. Lakini twaamini kwamba dawa iliyo bora i karibu nasi, nayo tumeitaja kila siku bila kuifikiri. Simba na Yanga watu huwaitaje? Huwaita watani wa jadi. Hawaitwi maadui, wala washindani tu, huitwa watani.

Wazee wetu walijua maana ya utani. Ulikua sana katika njia za misafara ya zamani, ambazo moja yake iliishia hapa Ujiji, wakati watu wa makabila mbalimbali walipopita katika nchi za wenzao wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Walipata njia ya kubaki wawili bila kuwa maadui. Mtani aweza kukutania mbele ya wakwe zako, aweza kuchukua kuku wako akamla, aweza hata msibani kuzuia mambo kwa mzaha mpaka apewe kitu kidogo. Lakini mtani huyo huyo ndiye achimbaye kaburi, ndiye abebaye maji, ndiye awachekeshaye wafiwa wasife kwa huzuni. Na utani una sheria zake: anayekasirika kwa utani ameuvunja, na anayejeruhi kwa jina la utani ameuvunja zaidi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, nao wazee walijua mahali pa kukomea kabla usaha haujatumbuka.

Kwa nini utani haukuleta damu? Kwa sababu mtani hutazamwa usoni. Wamjua jina, wamjua baba yake, wajua kwamba kesho ukifiwa atakuja. Yule umwitaye Chura leo, naye akakujibu kwa kukuita Mkia, ni jirani yako mwenye mke na watoto. Kundi lakini halina uso. Ukiwa ndani yake huwaoni walio mbele yako kama watu, waona rangi tu. Nawe mwenyewe wapoteza uso wako, ndiyo maana wathubutu kutenda usiloweza kutenda peke yako. Uhuni wa mpira si utani uliozidi kiasi. Ni utani uliokufa, na maiti yake imevishwa nguo za timu.

Nendeni usiku mkawatazame wavuvi wetu. Katika chombo kimoja, chini ya taa zinazowavuta dagaa, huketi wa Simba na wa Yanga pamoja. Hutaniana mpaka usiku wa manane, tena kwa maneno makali. Lakini saa ya kuvuta wavu ifikapo, kila mkono hushika kamba, kwa kuwa wajua kwamba wimbi halimwulizi mtu timu yake. Hao hao, wakishuka pwani wakaingia bandani, mbona husahau?

Kwa hiyo twawaambia wazazi: mtoto husikia nyumbani kabla hajasikia bandani. Baba akimtania jirani yake kisha akamwalika kula, mtoto amejifunza utani. Baba akisema kwamba wale wa upande wa pili si watu, mtoto amekwisha kupewa jiwe la kwanza, ingawa hajaliokota bado. Wajueni pia vijana wenu wanakokwenda na wanayekwenda naye. Wengi wa wale wa Uskoti walifuata kikundi kwa sababu humo waliitwa kwa majina, walingojewa, walihesabiwa. Kijana asiyehesabiwa nyumbani, wala kanisani, wala kazini, atakwenda panapohesabiwa watu, hata kama ni katika kundi la mawe.

Twawaambia viongozi wa timu na wa matawi: msiwalishe makomandoo kisha mkashangaa wanapouma. Mtu umfundishaye kuwatisha wageni kwa faida yako leo, kesho atakutisha wewe. Twawaambia wenye mabanda: mnapokea fedha za watu mlangoni, basi wekeni taa nje, wafungeni midomo wenye matusi, na mchezo ukiisha watoeni watu kwa utaratibu kama mlivyowaingiza.

Na nanyi vijana, twawapa kipimo kimoja chepesi cha kubeba moyoni. Kabla hujatenda jambo ukiwa katikati ya wenzio, jiulize: Je, ningelitenda hili mchana, niko peke yangu, mama wa huyu ananitazama? Ukiona kwamba ungelitenda, litende. Ukiona kwamba usingelitenda, basi ujue kwamba si wewe utakaye. Ni kundi litakalo kupitia mkono wako, lakini mkono utabaki kuwa wako watu wakiisha kutawanyika.

Sisi tuandikao hapa husema "sisi" kila juma, kama ilivyo desturi ya magazeti. Lakini twajua kwamba siku ya kutoa hesabu hapana atakayeitwa kwa wingi. Kila mtu ataitwa kwa jina lake.

Jeraha la kijana wa Kibirizi limepona, na jicho lake, twashukuru, ni zima. Mama yake bado huanika dagaa mahali pale pale, na kila asubuhi vijana hupita mbele yake wakimwamkia, "Shikamoo, mama," naye huwaitikia wote, maana hajui amnyime nani. Basi wewe uliyerusha jiwe lile, kama wasoma haya au wasomewa, nenda kwake. Usiende na wenzio. Nenda mchana, peke yako, ukae chini, umwambie, "Mama, ni mimi." Twamjua mama huyo, na twaamini kwamba hutatoka kwake bila kula.